Mchango wa kampeni na leseni ya kamari: Pengo la sheria linalozikabili Kisii na Nyamira

MWENYE ukumbi wa kamari mjini Kisii akimpelekea afisa wa leseni bahasha ya fedha ofisini, sheria ina jina la kitendo hicho, nalo ni hongo. Bahasha hiyo hiyo ikipelekwa kwa kamati ya kampeni ya mwanasiasa aliye juu ya afisa huyo, jina linabadilika na kuwa mchango. Kitendo cha kwanza kinaweza kumfikisha mtu kizimbani. Cha pili huishia katika daftari la wahisani, ikiwa daftari lipo, na aliyetoa hupigiwa makofi.

Tofauti ya majina haya mawili ndiyo kiini cha mjadala ambao nchi kadhaa zimekuwa nao kwa zaidi ya miongo minne: je, watu wanaoishi kwa leseni ya kamari waruhusiwe kufadhili siasa za wale wanaoitoa? Nchini Kenya suala hilo halijapewa uzito unaostahili, ingawa kaunti za Kisii na Nyamira zina kila sababu ya kulitafakari kabla ya uchaguzi mkuu uliopangwa kufanyika Agosti 10, 2027.

Kwa muda mrefu kamari haikuwa kazi ya viongozi wa mashinani. Sheria ya mwaka 1966 iliyosimamia kamari, bahati nasibu na michezo ya kubahatisha iliweka mamlaka ya leseni mikononi mwa bodi moja iliyokuwa na makao yake Nairobi, BCLB. Diwani wa Manispaa ya Kisii wa enzi hizo angeweza kuwa na usemi kuhusu kibanda cha sokoni au ada ya maegesho, lakini hakuwa na la kusema kuhusu kasino. Hata leseni za pombe zilitolewa na mahakama maalumu za leseni zilizoongozwa na mkuu wa wilaya, mtumishi wa serikali kuu asiyeomba kura kwa mtu yeyote.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mpangilio huo. Jedwali lake la Nne liliikabidhi serikali ya kaunti shughuli za burudani za umma, na ndani yake likataja waziwazi kamari, kasino na michezo mingine ya kubahatisha, pamoja na leseni za pombe. Serikali ya kitaifa ilibakiziwa kamari ya kiwango cha kitaifa. Mstari unaoyatenga mafungu hayo mawili umevutaniwa tangu kaunti zilipoanza kazi 2013. Sheria ya Kudhibiti Kamari, ambayo Rais William Ruto aliitia saini Agosti 2025 ili ichukue nafasi ya ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya badala ya BCLB, ni jaribio la karibuni la kuuchora upya.

Kilicho wazi ni kwamba sehemu ya uamuzi kuhusu kamari sasa imo mikononi mwa watu wanaoomba kura. Gavana huchaguliwa. Waziri wa kaunti huteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Madiwani, 45 wa kuchaguliwa huko Kisii na 20 Nyamira, ndio wanaopitisha sheria ya fedha ya kila mwaka inayoweka ada za biashara, na ndio wanaoweza kuanzisha hoja ya kumng'oa waziri au hata gavana mwenyewe. Hakuna ubaya katika hilo, kwani ugatuzi ulikusudiwa kuwa hivyo. Lakini palipo na kura pana gharama za kampeni, na palipo na gharama za kampeni pana mtu wa kuzilipa.

Ikumbukwe kwamba kampuni kubwa za kubashiri mechi kwa simu hazimwogopi sana afisa wa kaunti. Vita vya kampuni hizo vimepiganwa Nairobi. Mnamo Julai 2019, leseni za kampuni 27, zikiwemo SportPesa na Betin, zilipokosa kuhuishwa kwa sababu ya mzozo wa kodi, uamuzi ulitoka kwa BCLB na wizara ya usalama wa ndani iliyokuwa chini ya Dkt Fred Matiang'i, mwana wa Nyamira. Haukutoka katika ofisi yoyote ya kaunti.

Biashara ambayo kaunti inaweza kuishika shingoni ni ile yenye mlango: ukumbi wa kubashiri, kasino ndogo, mashine zinazomeza sarafu za shilingi 20, meza ya pool nyuma ya baa. Biashara hizo zinahitaji jengo, kibali cha kaunti, ukaguzi na majirani wasiolalamika. Zinaweza kutiwa kufuli asubuhi moja. Ndiyo maana mwenye ukumbi wa Suneka, Ogembo au Kebirigo ana haja kubwa zaidi ya urafiki na mwanasiasa wa karibu kuliko kampuni yenye mamilioni ya wateja kwenye simu.

Na wateja wapo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira, eneo ambalo ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa zaidi nchini. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi yakawa vipande, na vijana wengi wamekimbilia bodaboda na vibarua vya mjini. Kwa wakulima wa majani chai, bonasi ya mwaka huingia kwa mkupuo, na mwenye mashine za kamari anaujua msimu huo sawasawa na anavyoujua mwenye duka la mabati. Kaunti inapoamua ukumbi uwe umbali gani kutoka shuleni, ufungwe saa ngapi, au mashine ngapi ziruhusiwe katika kituo kimoja cha biashara, inaamua pia sehemu ya fedha hizo italala wapi.

Sheria za Kenya kuhusu zawadi si legevu. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilimkataza afisa kuomba au kupokea zawadi kutoka kwa mtu ambaye maslahi yake yanaweza kuguswa na kazi ya afisa huyo, na ikaenda mbele kumtaja mtu anayeendesha shughuli inayodhibitiwa na idara ambayo afisa anaitumikia. Ni vigumu kumweleza mwenye ukumbi wa kamari kwa maneno ya wazi kuliko hayo. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 ilirudia katazo hilo kwa viongozi wa ngazi za juu, kundi ambalo kwa mujibu wa Katiba linawajumuisha gavana, mawaziri wa kaunti na madiwani. Kifungu cha 76 cha Katiba yenyewe kinasema zawadi anayopewa kiongozi katika hafla ya umma ni mali ya Jamhuri. Sheria ya Hongo ya 2016 inamwandama mtoaji pamoja na mpokeaji. Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyotiwa saini Julai 2025, ilitungwa kuchukua nafasi ya ile ya 2003.

Zote hizi humtazama kiongozi akiwa ameketi ofisini. Hazimwoni vizuri akiwa amesimama juu ya gari la kampeni. Kazi ya kumtazama huko ilipewa Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ya 2013, na historia ya sheria hiyo inasikitisha.

Masharti yake yalikuwa ya maana: michango isiyojulikana inakotoka isipokewe, mali ya serikali isitumike kumnufaisha mgombea, na chanzo kimoja kisizidi asilimia 20 ya michango yote aliyopata. Bunge liliahirisha utekelezaji wake hadi baada ya uchaguzi wa 2017. Agosti 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ilichapisha viwango vya juu vya matumizi kwa ajili ya uchaguzi wa 2022, lakini kanuni zilizohitajika hazikupata idhini ya Bunge na viwango hivyo havikutumika. Kwa hiyo chaguzi kuu mbili zilipita bila mgombea ugavana wa Kisii wala wa Nyamira kulazimishwa na sheria hiyo kuonyesha ni nani aliyemlipia mafuta ya magari. Waliotakiwa kuipa sheria meno ni wabunge, nao ni watu wanaochangiwa. Si ajabu kwamba walichelewa.

Hata kama sheria hiyo ingetekelezwa neno kwa neno, isingeziba pengo linalozungumziwa hapa. Kipimo chake ni ukubwa wa mchango na kujulikana kwa mtoaji. Haiulizi mtoaji anasubiri nini kutoka kwa mpokeaji. Mwenye kumbi tano za kamari anayetoa asilimia 10 ya fedha za mgombea hajavuka kikomo chochote, ingawa riziki yake yote inategemea kibali ambacho mgombea huyo, akishinda, atakuwa na usemi juu yake. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 nayo iliweka kikomo cha asilimia 5 ya matumizi ya chama kwa mchangiaji mmoja kwa mwaka, ikakataza fedha za wasio raia, kisha ikaishia hapo.

Wakazi wa Kisii wana mfano wa karibu unaoonyesha jinsi jina la fedha linavyoweza kuamua mambo. Machi 2024 Seneti ilimwondoa madarakani aliyekuwa naibu wa gavana, Dkt Robert Monda, kufuatia mashtaka yaliyoanzia katika bunge la kaunti, likiwemo dai kwamba alipokea Sh800,000 ili mtu asaidiwe kupata kazi katika kampuni ya maji ya Gusii. Yeye alikanusha. Kesi hiyo haikuhusu kamari wala kampeni. Ilichoonyesha ni kwamba fedha zikidaiwa kuwa malipo ya kazi, bunge la kaunti na Seneti hujua pa kuanzia. Zikiitwa mchango wa kampeni, pa kuanzia hapajulikani.

Ugumu unaongezeka kwa sababu mchango wa kisiasa mashinani mara chache huja kwa hundi. Huja kama hema na viti, vipaza sauti, mafuta, fulana, leso za akina mama, chakula cha mawakala siku ya kura. Huja kanisani na katika harambee ya karo. Sheria ya 2003 ilimkataza afisa wa umma kutumia cheo chake kuwashinikiza watu kuchanga katika harambee, ishara kwamba waliotunga sheria walijua mambo yalivyo: mwenye biashara akipokea kadi ya mwaliko yenye jina la mtu anayeweza kumfungia mlango, huo si mwaliko tena bali ni dai. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Novemba mwaka huo huo Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi, Philip Anyolo, alirudisha Sh2.6 milioni ambazo Rais mwenyewe alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto. Kanisa lilikuwa limeuona uzito wa swali ambalo Bunge lilikuwa bado halijalijibu.

Kandanda ni mlango mpana zaidi. Gusii ni nchi ya mpira. Shabana FC, iliyorejea katika ligi kuu 2023 baada ya kukaa nje miaka 17, huvuta mashabiki hadi Uwanja wa Gusii na kuwafanya wengine waifuate ugenini kwa mabasi. Chini ya Shabana kuna mashindano ya wadi na ya vijiji, mengi yakiitwa kwa jina la mwanasiasa aliyeyaandaa. Jezi, mipira, kombe na fahali wa mshindi hununuliwa na mtu fulani. Biashara za kamari nazo zinaupenda mpira, maana mpira ndio bidhaa yao. Sasa, ukumbi wa kubashiri ukinunua jezi za mashindano yenye jina la diwani miezi mitatu kabla ya kura, je, huo ni ufadhili wa michezo, ni tangazo la biashara au ni mchango wa kampeni?

Ni yote matatu kwa pamoja. Vijana waliocheza walipata viatu na siku njema, na hakuna mzazi atakayeandamana kupinga jambo hilo. Hata hivyo diwani naye alipata alichohitaji, na mwaka utakapokwisha na kibali cha ukumbi kuhitaji kuhuishwa, hakuna atakayelazimika kumkumbusha. Katazo litakalotaja fedha peke yake, bila kutaja vitu na huduma, litakuwa limeandikwa kwa ajili ya mahali pengine, si Bobasi wala Borabu.

Nchi zilizotangulia katika njia hii zimeacha mafunzo mema na mabaya. Katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, wapiga kura waliruhusu kasino mjini Atlantic City mwaka 1976. Mwaka uliofuata sheria ya kasino ikawakataza wenye leseni na maafisa wao wakuu kutoa mchango wowote kwa wagombea au vyama vya jimbo hilo. Hofu yao haikuwa ya kubuni. Mnamo 1980 ilifichuka operesheni ya makachero wa FBI iliyoitwa Abscam, ambamo makachero walijifanya wajumbe wa tajiri wa Kiarabu na kuwanasa wanasiasa kadhaa, akiwemo meya wa mji wa Camden, Angelo Errichetti. Leseni ya kasino ya Atlantic City ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyozungumziwa. Makamu mwenyekiti wa tume ya kasino alijiuzulu.

Wakosoaji huutumia mkasa huo kusema kwamba katazo la michango halifai kitu, kwa kuwa lilikuwapo tayari na hongo ikatolewa. Hoja hiyo ina kasoro. Katazo la michango halikutungwa kuzuia hongo, kwani hongo ina sheria yake. Lilitungwa kuziba njia halali ambayo ingemfanya mtoa hongo asihitaji kujificha. Pale njia hiyo ilipozibwa, walaghai walilazimika kukutana hotelini, na hotelini ndiko kamera za makachero zilikokuwa.

Jimbo la New South Wales nchini Australia lilianza na wajenzi wa majumba mwaka 2009, likawakataza kuchangia siasa kwa sababu faida yao hutegemea maamuzi ya serikali kuhusu ardhi. Mwaka 2010 likaongeza biashara za tumbaku, pombe na kamari katika orodha ya wasioruhusiwa kuchangia. Mahakama Kuu ya Australia ilipopelekewa kesi kuhusu wajenzi mwaka 2015, iliunga mkono katazo hilo.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya kaunti ni wa California. Tangu 1982 jimbo hilo lina sheria inayomkataza afisa mwenye usemi kuhusu leseni au kibali kupokea mchango unaozidi kiwango fulani kutoka kwa mwombaji wakati ombi liko mbele yake. Akiwa alikwisha kupokea mchango huo ndani ya miezi 12 iliyotangulia, anapaswa kutangaza hadharani na kujiondoa katika uamuzi. Kwa miaka 40 sheria hiyo iliwaacha nje maafisa waliochaguliwa na wananchi katika miji na kaunti, yaani wale wale waliokuwa na haja kubwa ya kuwekewa mipaka. Marekebisho ya 2022 yaliwaingiza kuanzia Januari 2023 na kurefusha muda wa katazo baada ya uamuzi hadi miezi 12. Kikomo cha mchango, kilichokuwa dola 250, kilipandishwa hadi dola 500 mwaka 2025.

Hapa ndipo desturi ya leseni nchini Kenya inapoleta tofauti isiyotarajiwa. California ilifikiria maombi yanayokuja mara moja na kwisha, kama vile kibali cha kujenga. Kibali cha biashara cha kaunti huhuishwa kila mwaka. Sheria ya miezi 12 ikiwekwa juu ya leseni ya miezi 12, hakuna siku hata moja ambayo mwenye ukumbi atakuwa huru kuchangia, kwa maana ombi lake moja likiisha muda wa jingine umefika. Kwa maneno mengine, Kisii au Nyamira zikinakili sheria ya California kama ilivyo, zitajikuta na katazo kamili la New Jersey bila mtu kuwa amelijadili. Pengine hilo ndilo linalofaa. Ila ni bora liamuliwe kwa makusudi.

Liko pia swali la nani hasa akatazwe kupokea. Anayetia saini leseni huwa ni mtumishi wa kaunti, si mgombea. Mchango hauendi kwake, bali kwa anayeweza kumhamisha au kumpandisha cheo. Sheria inayomtaja afisa wa leseni peke yake ingemkamata mtu asiye na kampeni. Zaidi ya hayo, Sheria ya Uchaguzi ya 2011 humtaka mtumishi wa umma anayetaka kiti kujiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi, na wengi wamekuwa wakifanya hivyo kila baada ya miaka mitano. Waziri wa kaunti aliyeidhinisha kumbi za kamari mwaka jana anaweza kuwa mgombea mwaka huu, akiwa na orodha ya simu za wenye kumbi mfukoni na bila cheo cha kumfunga. Katazo lenye maana lingepaswa kumfuata kwa muda hata baada ya kuondoka ofisini.

Upinzani dhidi ya makatazo haya si wa kupuuzwa. Mahakama ya Juu ya jimbo la Pennsylvania ilibatilisha mwaka 2009 katazo lililowazuia kabisa wenye maslahi katika kamari kuchangia siasa. Ilisema kwamba katazo kamili lilizidi lengo la kuzuia ushawishi mbaya. Nchini Kenya hoja kama hiyo ingeegemea kifungu cha 38 cha Katiba, kinachompa raia uhuru wa kushiriki siasa, na anayetetea katazo angelazimika kujibu kwa kifungu cha 24, kinachoruhusu haki kuwekewa mipaka pale tu inapokuwa ya busara na yenye sababu za kutosha. Mwenye meza mbili za pool huko Nyansiongo si tajiri wa kasino. Kumnyima haki ya kumchangia binamu yake anayewania udiwani ni jambo linalohitaji sababu nzito, na pengine kiwango kidogo kinachoruhusiwa kingemtosha.

Wapo pia wanaohofia kwamba katazo litageuka rungu. Gavana mpya anaweza kulitumia kuwafungia wale waliomuunga mkono mpinzani wake na kuwaacha wake. Hofu hiyo ina msingi, lakini inaonyesha pia kwamba mfanyabiashara mdogo tayari yuko taabani. Katika kinyang'anyiro chenye wagombea watano, kila mmoja humtumia kadi, naye hana budi kutoa kwa wote watano, asije akamkosa mshindi. Kwa mtu kama huyo, sheria inayomkataza kutoa si mzigo. Ni kisingizio halali cha kusema hapana bila kumuudhi yeyote, jambo ambalo leo hawezi kulifanya pasipo kuhatarisha mlango wake.

Je, kaunti zinaweza kuchukua hatua bila kungoja Bunge la Taifa? Ufadhili wa uchaguzi ni sheria ya nchi nzima na bunge la kaunti haliwezi kumwambia mgombea apokee nini. Ila masharti ya leseni ni jambo jingine. Kwa kuwa Katiba imeipa kaunti mamlaka juu ya kamari ya ngazi yake, bunge la kaunti linaweza kuweka sharti kwamba mwenye leseni, wakurugenzi wake na wamiliki halisi wasitoe fedha, vitu wala huduma kwa wagombea wa nyadhifa za kaunti hiyo zaidi ya kiwango kidogo kilichotajwa, na kwamba anayekiuka anyimwe leseni baada ya kusikizwa. New Jersey ilipitia njia hiyo hiyo ya kumshika mtoaji. Sharti lingine lisilo na gharama kubwa ni kuchapisha kila Januari majina ya wenye leseni na wamiliki halisi, ili mpinzani wa kisiasa, mwanahabari au EACC, yenye ofisi ya kanda mjini Kisii, aweze kuyalinganisha na majina yanayotangazwa kwa kipaza sauti kwenye harambee. Wapinzani ndio wakaguzi wenye bidii kuliko wote, na hawahitaji kulipwa mshahara.

Kuna mahali ambapo sharti la kaunti moja halitatosha. Mji wa Keroka uko mpakani, na Kisii na Nyamira zimezozana kwa miaka kuhusu nani akusanye ada zake. Mfanyabiashara wa huko anaweza kuwa na ukumbi upande mmoja na mgombea wake upande wa pili. Sharti la Kisii peke yake lingemfunga mkono mmoja, naye angetoa kwa ule mwingine, kisha mwaka unaofuata akahamishia mashine zake ng'ambo ya barabara. Mabunge hayo mawili yangelazimika kupitisha masharti yanayofanana, yakihesabu mchango kwa mgombea wa kaunti yoyote kati ya hizo mbili, na kubadilishana orodha za wenye leseni kila mwaka. Orodha hizo ni kazi ambayo makarani wawili, mmoja Kisii na mmoja Nyamira, wanaweza kuimaliza kwa wiki moja.